Mguu wa Shangazi Haukuwahi Kukosa Kipaumbele

Karatasi ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa zahanati, nembo juu, mhuri chini, gundi imeshaanza kuachia pembeni. Nilikuwa nimempeleka shangazi yangu kupima presha, huko kwetu pwani ya Tanga. Tukiwa kwenye benchi tunangoja zamu, akaniambia, "Mwanangu, hebu nisomee pale, macho yangu hayafiki."

Nikamsomea kwa sauti. Umma unatangaziwa kuwa kutakuwa na zoezi la umezeshaji wa kingatiba dhidi ya Magonjwa Yaliyokuwa Hayapewi Kipaumbele kwa jamii lengwa, katika ngazi ya kaya na vituo teule, na wananchi wote wanahimizwa kujitokeza kwa wingi ili kufanikisha afua hiyo.

Shangazi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa upole kabisa, "Ni magonjwa gani hayo?"

Nikamtazama usoni, halafu nikatazama chini. Mguu wake wa kushoto, ambao amekuwa akiufunika kwa kanga tangu mimi niko shule ya msingi, ulikuwa umenyooshwa mbele ya benchi. Umevimba kuanzia gotini mpaka vidoleni, ngozi imekuwa ngumu kama gome la mwembe, na ndala aliyovaa imekatwa kamba na kuunganishwa upya kwa kitambaa ili imwenee. Matende. Karatasi ile ilikuwa inamhusu yeye kuliko mtu mwingine yeyote pale kibarazani, nayo ilikuwa hatua tatu tu kutoka alipokaa.

Nina hasira tangu siku hiyo na sioni sababu ya kuificha.

Magonjwa yanayotajwa kwa jina hilo refu tunayajua wote. Ni matende na mabusha, kichocho, vikope, usubi, minyoo ya tumbo. Kila moja lina jina lake, na majina hayo bibi zetu walikuwa wakiyataja kabla hatujazaliwa. Jina lililoandikwa mlangoni ni tafsiri ya msamiati wa mashirika ya kimataifa, na kwenye mikutano ya kutafuta fedha lina kazi yake: linawakumbusha wenye fedha kwamba kuna magonjwa waliyoyasahau huku wakihangaikia mengine. Sawa. Wabaki nalo huko. Lakini likibandikwa kwenye mlango wa zahanati ya kijiji linasema jambo la ajabu sana. Hayapewi kipaumbele na nani? Mguu wa shangazi umekuwa kipaumbele chake kila asubuhi kwa miaka zaidi ya ishirini. Anaamka anaupapasa kama una joto, anautafutia kiatu, anapima kwa macho umbali wa kisimani kabla ya kunyanyua ndoo. Waliousahau ni wengine. Halafu usahaulifu wa hao wengine ndio umegeuzwa kuwa jina la ugonjwa wake, na yeye ndiye anayetakiwa alijue ili apate dawa.

Nilipomuuliza mhudumu kwa nini hawakuandika matende, alijibu kwa adabu kwamba ndivyo ilivyokuja kutoka juu. Akaongeza jambo ambalo nalikubali shingo upande: ukitangaza mabusha kwenye kipaza sauti, vijana wanacheka na wenye nayo wanajificha ndani. Ni kweli, aibu ipo. Lakini sisi watu wa pwani tuna njia zetu za kusitiriana. Mzee anasemwa ana mshipa, na kila mtu anaelewa bila yeye kuvuliwa nguo hadharani. Lugha imeshaifanya kazi hiyo. Na kama ni aibu, mbona matende nayo yamefichwa?

Mtu anaweza kuniambia kwamba naleta ubishi wa maneno tu. Basi tuangalie dawa yenyewe inavyofanya kazi. Matende yanaletwa na minyoo midogo inayosambazwa na mbu. Dawa inayogawiwa inaua vijidudu vichanga vinavyozunguka kwenye damu ili mbu asipate cha kubeba kutoka kwangu kuja kwako. Minyoo mikubwa inaishi mwilini miaka kadhaa, kwa hiyo watu wanameza mara moja kwa mwaka, mwaka baada ya mwaka, na Shirika la Afya Duniani linataka angalau watu 65 katika kila 100 wameze, la sivyo maambukizi yanaendelea. Hii ni dawa inayotegemea wengi waelewe. Mtu mmoja akiielewa na majirani zake kumi wasielewe, mbu wanaendelea na kazi yao. Kwa hiyo neno lisiloeleweka hapa linapunguza idadi ya wanaomeza, na idadi hiyo ndiyo tiba yenyewe. Nchi yetu ilianza kugawa dawa hizi Mafia mwaka 2000. Ni muda mrefu wa kutosha kujifunza kuandika sentensi moja inayosomeka.

Tena si kwamba watu wakikosa maelezo wanakaa kimya. Nafasi hiyo inajazwa na uvumi. Mwaka 2008 huko Morogoro watoto wa shule walipewa dawa za kichocho, baadhi wakasikia vibaya, habari zikazagaa kwamba dawa zinaua, na wazazi wakakimbilia shuleni kwa hasira kuwatoa watoto wao. Dawa ya kichocho inaweza kuleta kichefuchefu na maumivu ya tumbo, hasa ukiimeza bila kula. Hilo linasemwa kwa pumzi moja: mpe mtoto uji kwanza, anaweza kuumwa tumbo kidogo, litapita. Mzazi aliyeambiwa hivyo mapema anakaa nyumbani na kumsubiri mwanawe. Mzazi aliyesomewa habari za afua na jamii lengwa anasikia mtoto anatapika, anaokota jiwe. Simlaumu.

Na tuliwahi kujua kuzungumza na watu. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Tazama jina lenyewe, maneno matatu. Watu wazima wapatao milioni mbili walikaa kwenye vikundi nchi nzima, wakasikiliza redio, wakasomeana vijitabu kuhusu malaria, kuhara, kichocho, minyoo na kifua kikuu, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka vilivyozunguka nyumba zao. Wengi wao ndio kwanza walikuwa wametoka kwenye madarasa ya kisomo. Walioandika vijitabu vile walilijua hilo, wakaandika wakiwa na mtu huyo akilini.

Sipingi maneno mapya. Kingatiba, yaani dawa ya kumeza ili kuzuia ugonjwa, ni neno zuri, limeundwa vizuri, na likielezwa mara moja mtu analishika. Dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI ni jina bora zaidi, kwa sababu kila aliyewahi kuanika kanga juani anajua kufubaa ni nini: rangi bado ipo ila haina nguvu tena. Aliyechagua kitenzi kile alifikiria kwa Kiswahili. Lakini sioni fikra hiyo kwenye kitita cha mafao, yaani orodha ya huduma anazolipiwa mwenye bima ya afya. Kwa watu wengi kitita ni cha noti, na nimewahi kumsikia mama mmoja dirishani akiuliza kitita chake anakichukulia wapi.

Kinachoniuma zaidi ni kile ambacho karatasi ile haikusema kabisa. Haikutaja siku. Haikutaja mahali, maana "vituo teule" si mahali. Haikusema kama ni bure, na shangazi yangu ni mtu ambaye hatoki nyumbani kwenda kwenye dawa mpaka ajue kama ni bure. Haikusema kwamba mjamzito hamezi. Wala haikumwambia mwenye mguu uliokwisha kuvimba kwamba dawa haitaurudisha, ila kuuosha kila siku kwa maji na sabuni, kuukausha vizuri mpaka katikati ya vidole na kuuweka juu anapokaa kutampunguzia homa na maumivu. Hayo mimi niliyapata kwa kumbana maswali mhudumu, naye aliyajua yote, kwa Kiswahili kitamu kabisa, kichwani mwake.

Usiku ule niliandika nyuma ya bahasha: "Jumamosi, kuanzia saa mbili asubuhi, shule ya msingi, tunagawa dawa ya kuzuia matende na mabusha. Ni bure. Kula kwanza ndipo uje. Wajawazito, watoto chini ya miaka mitano na wagonjwa mahututi hawamezi. Kama mguu wako umeshavimba, njoo pia tukuonyeshe namna ya kuutunza."

Nikamsomea shangazi. Akaniuliza Jumamosi ni lini, nikamwambia ni kesho kutwa, akaanza kutafuta kanga safi.