Mashua na Mashallah

Kuogelea ubavu nilifundishwa na mjomba, hapahapa Forodhani, Unguja. "Jilaze kama uko kitandani," aliniambia. "Mkono wa chini unachuma embe huko mbele, unalileta kifuani, unampa mwenzake alitie kikapuni, huko pajani. Miguu mkasi: panua, fumba, kisha tulia maji yakupeleke." Raha yote iko hapo kwenye kutulia. Uso uko nje, pumzi unavuta utakavyo. Olimpiki hawana mbio za ubavu, lakini waokoaji wanaujua sana, maana mkono mmoja unabaki wa kumshika anayezama.

Mjomba alisahau jambo dogo tu: huoni uendako.

Idi moja wakwe zangu walitutembelea kutoka Tabora. Jioni tukawapeleka Forodhani. Maji yamejaa pomoni, vijana wanaruka kutoka ukutani kwa mbwembwe, baba mkwe kashika bakuli la urojo anawatazama mdomo wazi. Nikaona wivu. Nikavua shati.

Nililalia ubavu wa kulia, uso ukutani, ili niwaone wakiniona. Nachuma embe, natia kikapuni. Mkasi, natulia. Nachuma embe, natia kikapuni. Shemeji zangu wakasimama. Mke wangu akaanza kupunga mikono yote miwili, jambo ambalo hajanifanyia tangu harusi. Na ukuta mzima ukalipuka: "Masha…! Masha…!"

Sikio moja likiwa majini na jingine likipigwa na viwimbi, neno lilinifikia nusu. Nikalimalizia mwenyewe: Mashallah! Nikatabasamu, nikaongeza mkasi, tena huo ndio uliokuwa mkasi bora wa maisha yangu.

Walikuwa wanasema "mashua".

Ilikuwa imetia nanga, imepakwa rangi ya buluu siku ileile. Niliigonga kwa paji la uso, ngo! Nahodha akachungulia, akanikuta nimelala kiubavu, jicho moja juu ya maji. Akanikwida bukta, akanivuta ndani kama samaki changu.

"Pole, kaka. Huo ubavu umepooza tangu lini?"

"Sijapooza. Naogelea."

Akamgeukia kijana wake, akamnong'oneza, "Na kichwa pia."

Nikarudishwa nchi kavu kwa mashua, nimefunikwa turubai, mtu mzima mwenye watoto watatu. Mke wangu hakusema neno. Alinipa shati tu, huku mabega yakimtikisika.

Rangi ya mashua haitoki kwa sabuni. Ijumaa nikaenda msikitini na baba mkwe, paji la uso lina duara la buluu. Mzee macho yake si mazuri, na miwani alikuwa ameiacha nyumbani. Baada ya sala akanitazama kwa muda, akaniwekea mkono begani.

"Kijana una sijida kubwa," akasema. "Mashallah."