Wingi wa kazi za James Hong si sifa tupu

Kila anapoandikwa mwigizaji Mmarekani James Hong, sifa ya kwanza huwa ni idadi: ameonekana katika mamia ya filamu na vipindi vya televisheni tangu miaka ya 1950. Sipingi hesabu hiyo, ila naona inatajwa kwa furaha iliyopita kiasi, kwani anayepewa nafasi kubwa halazimiki kukusanya vijinafasi mia kadhaa ili apate riziki.

Hong, aliyezaliwa Minneapolis mwaka 1929 katika familia ya wahamiaji wa Kichina, alisomea uhandisi wa ujenzi na kufanya kazi ya barabara Los Angeles kabla ya kuhamia kwenye sanaa. Mwaka 1957, katika tamthilia ya televisheni kuhusu mpelelezi Charlie Chan, yeye mwenye asili ya China alipewa nafasi ya mtoto, huku baba, yaani huyo mpelelezi wa Kichina, akiigizwa na J. Carrol Naish, Mmarekani mwenye asili ya Ireland. Mwaka 1974, katika filamu ya Chinatown, alikuwa mtumishi wa nyumbani.

Umahiri wake, hata hivyo, hauna shaka. Katika kipindi kimoja cha mwaka 1991 cha Seinfeld, tamthilia ya vichekesho ya televisheni, wahusika wakuu wanasubiri meza mgahawani tangu mwanzo hadi mwisho, naye, akiwa mpokea wageni wa mgahawa huo, anawaambia tena na tena kwamba bado dakika tano, kumi. Hafanyi vituko; anachekesha kwa utulivu wa mtu anayeamini kabisa anachokisema. Watoto wengi wamemjua kwa sauti tu, akiwa bata bukini mpika tambi wa filamu za katuni za Kung Fu Panda.

Kazi yake ninayoiheshimu zaidi haimo katika hesabu ile: mwaka 1965, pamoja na mwigizaji Mako na wenzao, alianzisha East West Players, kundi la tamthilia la Los Angeles lililowapa Wamarekani wenye asili ya Asia nafasi walizonyimwa kwingine.

Alipowekewa nyota ya heshima kwenye njia ya waenda kwa miguu ya Hollywood mwaka 2022, akiwa na miaka 93, gharama yake ilitokana na michango ya mashabiki iliyoanzishwa na mwigizaji mwenzake, Daniel Dae Kim. Mchango ule ulikuwa wa heshima, lakini studio zilizofaidika naye kwa karibu miaka sabini zilipaswa kuwatangulia mashabiki.