Tuwatibu, lakini tuwatetee pia

Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, ukitaja utetezi wa manusura wa ubakaji kwenye mkutano wa asbl, yaani shirika lisilo la faida, kuna wanaoguna kwamba unataka kutuingiza katika siasa. Wanasema kazi yetu ni kugawa dawa na kulipia watoto masomo, mengine ni ya wakubwa. Mimi nawapinga, na nawakumbusha Kavumu, mji mdogo karibu na Bukavu.

Kuanzia 2013, wasichana wadogo wa Kavumu, wengine hata kutembea hawajaanza, waliibwa usiku majumbani mwao wakabakwa. Wengi walifikishwa hospitali ya Panzi, hapa Bukavu, wakatibiwa. Madaktari wangeishia hapo, nani angewalaumu? Lakini wao waliowapokea watoto ndio walioona matukio yanavyofanana. Wakashikana mikono na wanasheria na mashirika ya haki za binadamu, wakadai mafaili yaunganishwe, kila kesi isizikwe peke yake. Mwaka 2016 mbunge wa jimbo akakamatwa. Desemba 2017 mahakama ya kijeshi, iliyoketi Kavumu kwenyewe, ikawahukumu watu 11, yeye akiwemo, kifungo cha maisha.

Na watoto hawakusimamishwa mbele ya umati. Maelezo yao yalikuwa yamerekodiwa kwa video. Nalisisitiza hili kwa sababu yapo mashirika yanayomwita mama asimulie upya mateso yake mbele ya wageni, ili ripoti ipendeze. Huko ni kumtesa mara ya pili.

Wafadhili nao wana lawama yao. Sabuni na blanketi wanazilipia haraka, maana zinahesabika. Nauli ya kufuatilia faili moja kwenye parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, mwaka baada ya mwaka, hawaitaki.

Tangu Desemba 2022 tuna sheria ya fidia kwa manusura wa ubakaji wa kivita, na manusura wenyewe walikuwa kati ya walioipigania. Mfuko wake, FONAREV, upo. Lakini mama wa Kabare, huko vijijini jirani na Bukavu, ataufikiaje, hasa tangu Februari 2025 mji wetu ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23? Siku mlango utakapofunguka, ataulizwa ushahidi.

Kwa hiyo naomba kila asbl inayopokea manusura itenge, kwenye bajeti ijayo, mshahara wa mtu mmoja wa kuandaa mafaili hayo tangu sasa: cheti cha daktari, tarehe, mahali, ridhaa ya mwenyewe, na nakala iliyohifadhiwa nje ya ofisi, mahali ambapo mwenye bunduki hawezi kuifikia.