Si ganda lililowekwa kaburini

Juzi tulimzika jirani yetu hapa Mombasa, mama karanga aliyekuwa akinunua samaki dikoni asubuhi na kuwakaanga jioni kando ya barabara. Mhubiri alisimama ukingoni mwa kaburi akasema, "Msilie. Hili ni ganda tu, mwenyewe ameshakwenda zake." Watu wakaitikia Amina. Alikusudia kuwafariji wafiwa, na nadhani walifarijika. Ila njiani kurudi sikumsikia hata mmoja akisema "tumelizika ganda." Wote walisema "tumemzika." Lugha yetu humtia mtu mzima ndani ya kitenzi hicho, na kwa maoni yangu imani ya Kikristo ya tangu awali iko karibu na kitenzi hicho kuliko na lile ganda.

Katika Nasadiki, ile Kanuni ya Imani ya Mitume, tunakiri ufufuko wa miili. Kilatini chake ni kikavu zaidi: carnis, yaani nyama.

Mhubiri hakujitungia maneno yake. Nyuma yake yupo Paulo, Wakorintho wa Kwanza sura ya 15, anaposema kwamba hupandwa mwili wa asili na kufufuliwa "mwili wa roho." Msomaji wa Kiswahili akiyakuta maneno hayo huona mwili ulioumbwa kwa roho, kitu kama moshi wa ubani. Lakini hiyo "wa" ina kazi nyingi. Chombo cha mbao kimeundwa kwa mbao. Chombo cha tanga hakikuundwa kwa tanga. Mvuvi yeyote wa Likoni anajua kwamba tanga ndilo linalokipeleka. Akilishusha tanga akafunga mashine, watu watakiita chombo cha mashine, na mbao zitabaki zile zile.

Maneno ya Kigiriki aliyotumia Paulo ni psychikos (wa asili) na pneumatikos (wa roho), na wanaotetea ufufuo wa mwili husema yanaeleza kinachouendesha mwili, si malighafi yake. Ushahidi wao wanautoa katika barua hiyo hiyo. Katika sura ya 2 Paulo anawaita watu wawili walio hai kwa maneno hayo hayo: mmoja ni "wa tabia ya asili", mwingine ni "wa rohoni". Wote wawili wana nyama na mifupa. Kinachowatofautisha ni nani anayewaongoza. Kisha ukirudi sura ya 15, mstari wa 53, utamkuta Paulo akionyesha kidole: "huu uharibikao" sharti uvae kutokuharibika, "huu wa kufa" uvae kutokufa. Anasema huu, wala hasemi mwingine. Na kitenzi chake ni kuvaa. Anayevaa haachi kuwapo, anaongezewa.

Upande wa pili una hoja, wala si haki kuupita kana kwamba hauna. Mstari wa 50 unasema nyama na damu haziwezi kuurithi ufalme wa Mungu. Petro anaandika kwamba Kristo aliuawa kimwili, akahuishwa kiroho, na Mashahidi wa Yehova hufundisha kwamba Yesu alifufuliwa akiwa roho. Aliwatokea wanafunzi na milango imefungwa, na wale wawili wa Emau walitembea naye bila kumtambua. Wapo pia wataalamu wa Agano Jipya wanaosema Paulo, kama wanafalsafa Wastoa wa zama zake, aliifikiria roho kuwa kitu chepesi mno, na mwili wa roho ukawa mwili wa kitu hicho. Hoja hii ya mwisho ndiyo nzito kwangu. Hiyo ya mstari wa 50 si nzito vile, kwa sababu "nyama na damu" ilikuwa kauli ya Kiyahudi ya kumtaja mwanadamu wa kufa tu. Yesu anamwambia Petro kwamba mwili na damu havikumfunulia alilolisema, na hapo hazungumzii misuli.

Swali gumu kuliko yote halikutoka katika maandiko, lilitoka baharini. Aprili 1994 feri ilizama Mtongwe, wakafa watu zaidi ya 270. Mwili uliokaa majini na kuliwa na samaki, na samaki nao wakavuliwa na kuliwa na watu, utarudi kuwa wa nani? Wakristo wa karne za kwanza waliulizwa swali hili hili na wapinzani wao. Origene wa Alexandria, katika karne ya 3, alijibu kwamba mwili ni kama mto: maji hupita kila siku na mto ukabaki huo huo, basi kinachodumu ni umbo, chembe hazina haja. Wenzake wengi waliona amelegeza mno. Mimi naona alitusaidia, mradi mto uwe mto kweli. Paulo mwenyewe anazungumzia mbegu, na aliyewahi kuona nazi ikichipua anajua mnazi haufanani nayo hata kidogo, ila haukutoka penginepo.

Jirani yangu Mwislamu hushangaa tukibishana. Kwake Yaa-Sin imeshalitaja swali la nani ataihuisha mifupa iliyooza, na kulijibu: Yule aliyeiumba mara ya kwanza.

Kinachonikosesha usingizi katika neno "ganda" ni Shakahola. Mwaka 2023, katika msitu ule wa Kilifi, ilianza kufukuliwa miili ambayo mwishowe ilizidi 400, ya watu walioelezwa kwamba walifundishwa kufunga kula ili wakutane na Yesu. Walikuwamo watoto wengi. Sisemi mhubiri wa makaburini ni ndugu wa mafundisho yale. Angeyalaani kama mimi. Ila mtu akiambiwa miaka yote kwamba mwili ni ganda, siku akiambiwa alivunje ganda atoke, atajibu nini? Atashika mstari gani? Aliyefundishwa kwamba Mungu atauinua mwili huu huu ana neno la kujibu hata kama hajasoma: huu si wangu wa kutupa. Na tazama waliyoyafanya jamaa. Walitoa sampuli za DNA, wakangoja miezi, na miili ya kwanza ilikabidhiwa Machi 2024. Hakuna aliyewaambia waache, ni maganda. Mzazi aliyengoja karibu mwaka mzima nje ya mochari ya Malindi alikuwa anaungama ufufuko wa miili kwa miguu yake.

Hata upande ninaoupenda una hatari yake. Tunapomwambia mlemavu kwamba siku ile "atatengenezwa", tunamfanya ajione ameharibika leo. Tuwe waangalifu, maana Kristo mfufuka alibaki na majeraha, na Tomaso aliambiwa ayaguse. Agostino, askofu wa kale wa Afrika Kaskazini, katika kitabu cha 22 cha Mji wa Mungu, alisema huenda tutayaona makovu ya mashahidi wa imani, wale waliouawa kwa ajili yake, katika miili yao, na hayatakuwa kasoro bali heshima. Sioni kwa nini heshima hiyo iishie kwa mashahidi.

Katika Luka 24 wanafunzi walidhani wanaona roho. Yesu akawaambia wamshike, roho haina mwili na mifupa, kisha akaomba chakula. Wakampa kipande cha samaki wa kuokwa, akala mbele yao. Ningependa mstari huo usomwe juu ya kaburi lile. Mikono ya jirani yetu, kuanzia kiganja hadi kiwiko, ilikuwa na alama za mafuta ya moto ya miaka mingi, na mabinti zake walizijua moja moja.