Mamba Anatazama Upande Gani?

Mimi sikuomba kucheza gofu. Mimi ni mtu wa bao, na bao linachezwa na singlendi. Miaka kumi na tano nacheza pale kijiweni Tabata, na hakuna mzee aliyewahi kunizuia mlangoni eti singlendi yangu haina kola. Hata mlango wenyewe hakuna, kuna mwembe.

Sasa bosi wetu mpya karudi semina na jambo lake. Anasema mikataba siku hizi haisainiwi ofisini, inasainiwa shimo la tisa. Mimi ni mhasibu, nikanyamaza. Hela za ofisi ile zinaingia shimoni miaka yote na hakuna aliyewahi kutuita wanamichezo.

Tukagawiwa karatasi ya kanuni za mavazi. Nimeisoma mara tatu kama mkataba wa mkopo. Fulana iwe na kola, na ichomekewe. Jinzi marufuku. Ndala usithubutu hata kuziota. Viatu viwe na njumu laini za plastiki ili zisiharibu majani. Yaani unaruhusiwa kupiga fimbo chini, ukang'oa pande la nyasi la ukubwa wa chapati, ukalirudisha na kulikandamiza kwa mguu, watu wakakuona mstaarabu. Lakini njumu ya chuma, hapana, majani yataumia.

Nikaenda duka moja la Masaki, lile la kiyoyozi, unaingia umevaa sura ya mtu aliyekuja kuangalia tu. Nikashika fulana. Nyepesi, ukiipuliza inaruka. Fulana ya kola, ambayo mimi na wewe tunaiita fomu siksi. Nikageuza kikaratasi, nikaona 240,000.

"Dada, hii ni bei au ni namba ya stoo?"

"Bei, kaka. Na hapo iko kwenye ofa."

"Ina nini ndani?"

"Kitambaa chake kinakausha jasho, kaka. Hata ucheze mashimo kumi na nane."

"Jasho limeshaanza nilipoona bei. Naomba tuijaribu hapahapa."

Hakucheka. Akanihamishia kwenye glavu. Glavu ni moja. Nikapekua pakiti nikidhani nyingine imedondoka, dada akanieleza taratibu, kama anayempa mgonjwa majibu, kwamba mchezaji wa mkono wa kulia huvaa glavu ya kushoto peke yake. Mkono wa kulia unakwenda uwanjani hivihivi, mtupu. Nikauliza kama na kiatu kinauzwa kimoja. Mlinzi akaanza kusogea.

Nyumbani nikaropoka bei. Mke wangu alikuwa anachambua mchele, hakuinua hata kichwa.

"Baba Nasri, hiyo fulana ina mikono mingapi?"

"Miwili."

"Mirefu?"

"Mifupi."

"Basi wamekuibia hata mikono."

Akaendelea kuchambua mchele. Halafu akasema, polepole, kwamba hiyo laki mbili na arobaini ni gunia la mchele na chenji ya mafuta na maharage, na kwamba gunia la mchele halijawahi kumwomba mtu achomekee.

Nikienda kazini, mambo mengine. Jamaa wa manunuzi, mtu mzima, ana dini yake inaitwa FootJoy. Yeye mguu wake haugusi kiatu kingine cha gofu. Dada wa mapokezi ni Adidas. Bosi ni Lacoste, na nakwambia yule mamba wa kifuani, nembo yao, amekuwa mfanyakazi wa kudumu pale ofisini. Tukiwa kikaoni namtazama mamba kuliko ninavyomtazama bosi, maana mamba angalau hana maswali ya bajeti.

Na huyu mamba ana historia, nimeisoma usiku nikitafuta sababu ya ile bei. René Lacoste alikuwa mcheza tenisi, Mfaransa. Zamani hizo watu walicheza tenisi na mashati ya mikono mirefu, kama wanakwenda kuposa. Yeye akachoka, akavaa fulana ya pamba ya mikono mifupi, na mwaka 1933 wakaanza kuiuza na mamba kifuani. Kwa hiyo hiyo kola inayonitesa mimi kwenye gofu ilitoka kwenye tenisi! Ni sawa na kufukuzwa harusini kwa kukosa kanzu ya maulidi.

Tena usifikiri kila mamba ni mamba. Wa Lacoste anatazama kulia. Kuna kampuni nyingine ya Singapore, ina mamba wake, huyo anatazama kushoto, na kampuni hizo mbili zimeburutana mahakamani nchi kadhaa. Mimi nilinunua wa kwangu Kariakoo, kwa mmachinga, elfu kumi na mbili. Wa kwangu alikuwa ananitazama mimi. Macho mawili, kama ananidai. Kufuliwa mara moja, akapoteza mkia. Mara ya pili, miguu ya nyuma. Mama Nasri akaianika kambani, akasimama, akaitazama, akasema, "Baba Nasri, njoo umwone mjusi wako."

Lakini nisijifanye mimi sina chapa. Ninayo. Mimi nilikuwa mtu wa Nike, na kosa ni la Tiger Woods, mcheza gofu wa Marekani. Mwaka 1997, kijana yule, mweusi mwenzetu, anashinda Masters, mashindano makubwa ya gofu, kwa tofauti ya mapigo 12, amevaa fulana nyekundu siku ya Jumapili. Gofu nilikuwa siijui, nilidhani wanatafuta kitu kilichopotea majanini. Ila ile alama ya Nike niliiona, nikaapa. Toka siku hiyo kofia yangu Nike, soksi Nike, ndala zangu za kuogea Nike, ingawa hizo ziliandikwa kwa i mbili. Watu wakiniambia kuna kofia ya elfu tano nzuri tu, nasema mimi simwachi mtu wangu. Mwaka 2016 Nike wakaacha kutengeneza fimbo na mipira ya gofu, wakabaki na nguo na viatu. Sikutetereka, fimbo nilikuwa sina. Mwaka 2019 Tiger akashinda tena Masters na fulana nyekundu isiyo na kola ya kukunja, ile ya shingo iliyosimama, na hakuna mlinzi aliyemgusa. Nikasema, huyo ndiye mwanamume.

Halafu Januari 2024 nasikia wameachana! Miaka 27 ya ndoa, tangu 1996, kwisha. Tiger kaanzisha chapa yake na TaylorMade, kampuni ya vifaa vya gofu, inaitwa Sun Day Red, nembo yake chui milia mwenye milia 15, mmoja kwa kila ubingwa mkubwa alioshinda.

Hebu nisaidie kupiga hesabu, wewe msomaji, maana mimi na uhasibu wangu nimeshindwa. Tiger alikuwa analipwa avae. Mimi nalipa nivae. Aliyelipwa kaondoka, kapeana mikono, kaaga vizuri. Aliyekuwa analipa ndiye kabaki na kofia, anaitetea kijiweni, anagombana na mtu wa Puma ambaye naye hakutumwa na mtu. Na sasa nikitaka kumfuata Tiger, ninunue upya toka kofia hadi soksi. Mume kahama, mimi ndiye natakiwa nitoe mahari.

Siku hiyohiyo nikapanda daladala hadi Karume, sokoni kwa mitumba.

Karume nawajua. Nikamwambia kijana natafuta fulana za gofu, akaniangalia juu chini. "Anko, gofu? Bahati yako, robota limefunguliwa asubuhi hii." Akanipeleka kwenye rundo. Nilichokiona pale, kama yule dada wa Masaki angekiona angezima kiyoyozi akarudi kwao. Nike, Adidas, Puma, Callaway, wote wamelala pamoja, mikono wamekumbatiana, hakuna anayemringia mwenzake. Tena fulana zenyewe zimeshafuliwa huko kwao mara hamsini. Kama ingechuja, ingeshachuja Marekani. Kama ingerudi kuwa ya mtoto, isingefika hapa ikiwa saizi yangu. Hiyo mpya ya dukani bado hujajua tabia yake, hii ya mtumba imetoka jando.

Nikachagua ya bluu iliyoiva, kitambaa kizito kidogo, mishono imenyooka, kola imesimama kama askari wa gwaride. Kifuani ina mti mdogo umedariziwa na maandishi madogo. Kijana kasema kumi na tano, nimesema tano, tumeitana majina, tumekutana elfu saba. Mama Nasri akaishika, akaivuta, akaigeuza ndani nje, akasema, "Hii sawa." Kwa mke wangu hiyo ni hotuba.

Jumamosi nikaingia uwanjani nimechomekea mpaka pumzi inapita kwa zamu. Bosi na mamba wake. Jamaa wa manunuzi na viatu vyake vya imani. Nimepiga mpira wa kwanza, nikapata hewa. Wa pili, hewa. Wa tatu ukaenda, ila ulikokwenda kijana mbeba mikoba alirudi anatikisa kichwa. Fulana lakini haikuniangusha, jasho tu lilikuwa linatoka kama la mtu mwingine.

Sasa nimekaa kivulini, anakuja mzungu mmoja, mzee, mguu kwa mguu, macho kwenye kifua changu. Nikajua nimekwisha, kuna kanuni ya kola sikuisoma.

"Hiyo fulana!" anasema, Kiswahili chake cha kujifunza lakini kinatembea. "Wewe umecheza pale?"

Ndipo nikasoma kwa mara ya kwanza yale maandishi chini ya ule mti. Kumbe ni klabu moja ya gofu huko Ohio, Marekani, na huyu mzee ni wa Ohio, na klabu ni ya mtaani kwao. Bosi amesimama pembeni, ameacha kunywa maji, anasikiliza.

Mdomo wangu, Mungu anisamehe, ukasema, "Zamani kidogo."

Mzee akanikumbatia. Akaniuliza kama lile shimo la saba, lenye bwawa, bado linawatesa watu. Nikashusha pumzi, nikatikisa kichwa kama mfiwa. "Mzee wangu, lile shimo ni shida." Akacheka hadi akakohoa. Akamwita bosi wangu, akamwambia, huyu bwana mnamficha kwa nini? Bosi akanitazama kwa jicho ambalo hajawahi kunitazamia kwenye kikao chochote. Yeye na mamba wake wa laki ngapi sijui, hakuna aliyemuuliza hata saa.

Tumepangwa kucheza pamoja Jumamosi ijayo. Na inayofuata. Fulana hiyo sasa siwezi kuivua, inafuliwa Jumapili, inapigwa pasi Ijumaa, Nasri haruhusiwi kuisogelea na juisi. Nimerudi Karume mara mbili kutafuta ya pili yenye mti uleule, kijana anasema anko, robota halina oda.

Juzi saa saba usiku Mama Nasri ameamka, kanikuta nimeinamia simu, taa imezimwa.

"Baba Nasri, unachati na nani?"

"Sichati. Naangalia Ohio kwenye ramani."

"Kuna nini Ohio?"

"Kuna bwawa, mke wangu. Nataka kujua liko upande gani wa shimo la saba."