Mashine Inayokumbuka Njia na Kusahau Ubao

Jumapili moja mwezi uliopita nilitumia alasiri nzima kwenye ubao wa uchambuzi wa mtandao ninaochezea chesi, nikiandaa hatua za masharti, yaani majibu yanayoagizwa mapema ili yachezwe yenyewe mpinzani akifanya ulichotabiri, katika mchezo wa chesi wa siku tatu kwa kila hatua, dhidi ya mzee mmoja wa Norway ambaye hajibu mpaka saa zake zikaribie kwisha. Nilikuwa na kete nyeusi. Yeye alifungua kwa d4 (herufi na namba hutaja mraba ambao kete inakwenda), nami nikatoa farasi f6 na kuiachia mashine maagizo: akicheza c4, nijibu e6, akitoa farasi f3, nijibu d5, akimtoa farasi wa pili c3, nimweke askofu e7, na kuendelea hivyo hadi hatua ya sita. Mzee akaanza na farasi f3, na papo hapo mti wangu wote wa masharti ukafutwa. Nikacheza e6 kwa mkono. Siku tatu kasoro saa mbili baadaye akacheza c4, ubao ukawa uleule niliouchambua Jumapili, kete kwa kete, na mashine ikanyamaza kana kwamba haijawahi kuuona.

Hilo ndilo linaloniudhi: masharti yamefungwa kwenye mfuatano wa hatua, wakati anachokichambua mchezaji ni nafasi ya kete ubaoni. Wala nisiambiwe kwamba jambo hili ni gumu. Mtandao huohuo hutangaza sare nafasi inapojirudia mara ya tatu, na ili kufanya hivyo hulazimika kujua ni zamu ya nani, ni nani bado ana haki ya kumhamisha mfalme pamoja na ngome, na kama kuna askari anayeweza kuliwa akiwa anapita. Hazina yake ya funguzi, yaani hatua za mwanzo wa mchezo, nayo inaitambua Gambiti ya Malkia Iliyokataliwa, ufunguzi niliokuwa nikiuandaa, ufike kwa njia yoyote uitakayo. Mbinu ya kuipa kila nafasi namba yake aliieleza mtaalamu wa kompyuta Albert Zobrist mwaka 1970, kwa hiyo tunachosubiri si uvumbuzi bali ni mtu wa kukaa chini na kuunganisha nyaya mbili zilizo katika chumba kimoja.

Ninakubali, shingo upande, kwamba sharti likiishi muda mrefu linaweza kumponza mwenyewe aliyelisahau. Enzi za kadi za posta, ambapo Shirikisho la Kimataifa la Chesi kwa Barua, ICCF, lililoanzishwa mwaka 1951, liliwataka wachezaji waandike hatua kwa namba ili lugha isiwatenganishe (d4 iliandikwa 4244), masharti yaliokoa stempu na wiki kadhaa za kusubiri, lakini yaliwaumbua pia wazembe. Kisa kinachosimuliwa mara nyingi ni cha aliyejibu d4 kwa g6, akaongeza kwamba lolote litakalofuata, yeye atamweka askofu g7. Mpinzani akampeleka askofu wake h6, mahali ambapo angeliwa bure, na kwa kuwa sharti ni sharti, aliyeliwa ni askofu wa g7, na ngome ya pembeni ikafuata. Basi tuwekewe onyo, na orodha ya masharti yaliyo hai ionekane kando ya ubao. Hiyo si sababu ya kuyafuta bila hata kutuarifu.

Mengine ni madogo. Mstari wa hatua niliouchambua ugeuke sharti kwa kubonyeza mara moja, badala ya kuusogeza upya kete moja moja kwenye kioo cha simu. Maelezo niliyojiandikia kando ya mstari yahifadhiwe pamoja nao, kwa maana baada ya wiki mbili sikumbuki kwa nini niliiogopa e5. Na wanaolalamika kwamba jibu la papo hapo humfichulia mpinzani kuwa ulijiandaa, wapewe uwezo wa kulichelewesha kwa saa chache, mimi sitautumia.

Mzee wa Norway ana saa arobaini na moja zimebaki. Nimeuandika mti upya, na safari hii nimeingiza nafasi moja kwa njia nne tofauti, kazi iliyonichukua muda mrefu kuliko uchambuzi wenyewe.