"Yote yapo YouTube." Kayaweka nani?

Jumamosi nimefika kwa mama, Magomeni, nikakuta boksi la mikanda ya video limewekwa uani karibu na pipa la taka, limefungwa kamba ya katani kama mbuzi wa Idi. Deki yenyewe imeshaondoka. Mdogo wangu kamuuzia kijana wa vyuma chakavu kwa shilingi elfu mbili, na bado anajiona mjanja. Nilipofoka akanijibu bila hata kuinua macho kwenye simu: "Kaka, makorokoro hayo ya nini? Yote yapo YouTube."

Ubwabwa wa mama siku hiyo sikuusikia ladha.

Mikanda ile ni ya marehemu mjomba, mtu wa Unguja, baharia. Rafiki yake wa London alikuwa akimrekodia muziki kwenye televisheni, meli ikitia nanga kule anakabidhiwa furushi lake. Huku bara hatukuwa na kituo hata kimoja hadi 1994, kwa hiyo kwetu televisheni ilikuwa ni deki, na deki ilikuwa ni mjomba. Akifika tu, viatu vya majirani vinajaa mlangoni. Kuna mkanda mmoja aliupata Marekani, ukagoma: picha inapanda kama lifti na rangi hakuna, maana wenzetu mfumo wao wa televisheni ni NTSC na sisi PAL. Tuliutazama hivyo hivyo hadi mwisho. Mpaka leo sijui wale jamaa wenye nywele ndefu walivaa nguo za rangi gani.

Akitokea Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, mjomba anasimama. "Huyu wa kwetu!" Kweli ni wa kwetu, kazaliwa Unguja 1946, familia ikaondoka 1964. Ila mjomba hakuishia hapo, alidai wamesoma darasa moja. Kila Mzanzibari wa umri ule niliyekutana naye amesoma darasa moja na Freddie. Darasa hilo lingehitaji Uwanja wa Amaan, na Freddie mwenyewe shule yake kubwa aliisomea India, Panchgani.

Haya, turudi kwa bwana wa YouTube.

Nataka aniambie, hivyo vilivyopo huko kaviweka nani? Maana wenye mali wengi walivifuta kwa mikono yao. Chukua Top of the Pops, kipindi cha muziki cha televisheni ya BBC. Kilianza Januari 1, 1964, ndani ya jengo lililokuwa kanisa kule Manchester, na kwa miaka bendi nyingi kubwa za Uingereza zilipita pale. Mkanda wa studio wakati ule ulikuwa wa inchi mbili, ghali, na unarekodiwa upya. Makubaliano na vyama vya wasanii yalibana kurudia vipindi, na hakuna aliyewaza kwamba siku moja mtu atalipia muziki wa televisheni aende kuutazama kwake. Basi wakafuta. Vipindi vya miaka ya 60 vilivyobaki kamili unavihesabu kwa vidole vya mkono.

Juni 16, 1966, Beatles wenyewe walikuwa studioni, moja kwa moja hewani. Kimefutwa. Beatles, jamani! Si kwaya ya kijiji. Mwaka 2019 ndipo zikaibuka sekunde 11, bubu, kwa mkusanyaji mmoja wa Mexico, na zilipatikana kwa sababu kuna mtu aliyekaa sebuleni kwake akaelekeza kamera yake ndogo ya sinema kwenye kioo cha televisheni. Bila shaka nyumbani kwake kulikuwa na mdogo mtu aliyemwona hamnazo.

Mwanamuziki David Bowie yalimkuta hayo hayo. Januari 1973 alipiga wimbo wake The Jean Genie pale pale, kipindi kikafutwa. Mpiga picha wa studio, John Henshall, alikuwa ametumia lenzi ya ajabu aliyoibuni mwenyewe, akaomba nakala ya kazi yake, akakaa nayo karibu miaka 40. Ilipojulikana mwaka 2011, yeye ndiye aliyeshangaa zaidi: hakujua kwamba dunia nzima anayo peke yake.

Halafu Live Aid, lile tamasha la hisani la Wembley, London, na Philadelphia, Marekani, Julai 13, 1985. DVD yake imetoka 2004, na bendi ya Led Zeppelin hawamo. Walikataa, walijiona wamepiga vibaya (kweli walipiga vibaya, Phil Collins kavuka bahari kwa ndege ya Concorde kuja kuwasaidia ngoma na bado). Sasa ukiwaona YouTube, usidhani kampuni imekupa kwa hisani. Yupo mtu aliyekaa na kidole kwenye kitufe cha kurekodi usiku kucha.

Na tusidanganyane kwamba wenye mali wamejifunza. Mwisho wa 2025 MTV wamezima chaneli zao za muziki mtupu Uingereza. Kimya kimya, kama taa ya chooni.

Mdogo wangu ana pointi moja, nampa kwa shingo upande. Mikanda mingi ina ukungu, mweupe, unanuka kama kabati la bibi. Nusu ya muziki imekatwa na matangazo ya sabuni na hali ya hewa ya Scotland. Na usiku ule ule, baada ya kelele zote, nililala nikimtazama Freddie akiwaimbisha watu wa Wembley. Kwenye simu. YouTube.

Jumatatu nikapeleka mikanda mitatu Kariakoo, kwa fundi anayehamishia kwenye flashi. Mmoja mjomba aliuandika kwa kalamu ya wino, LIVE AID 1. Fundi akaupiga, tukasubiri Wembley. Ikatoka mieleka. Wanaume wenye chupi za kung'aa wanarushana, saa nzima na zaidi, na pembeni sauti ya mtoto anashangilia kwa nguvu. Sielewi ilinaswaje, nadhani tuliunganisha maikrofoni ya redio kaseti kwa ufundi wetu wa uani.

Fundi akautoa, akaugeuza. "Bosi, huu mkanda mwenyewe aliulinda. Ona, kile kiplastiki cha mgongoni amekivunja usirekodiwe tena. Halafu kuna mtu kaja kaziba tundu."

Selotepu ipo bado, imekuwa njano. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na niliikata kwa meno.